Mstari Wangu wa Majani Chai

Wiki jana afisa wa watoto alipanda kilima kutoka Nyamira mjini hadi kwangu Manga. Nilimwekea mkate niliouoka mwenyewe, kwa maana, rafiki yangu, sikusomea stashahada ya upishi ili mgeni wangu ale mkate wa duka. Alikagua chumba cha mtoto, akabonyeza godoro, akafungua bomba aone kama maji yanatoka. Yalitoka. Nyumba yangu ni ya mawe, vyumba vinne, jasho la miaka tisa ya kusimama kwenye majiko ya hoteli za Uarabuni. Hilo nalisema bila aibu, na wewe ungelisema.

Kisha akakaa, kalamu mkononi.

"Mama, mtoto tayari unaye kwa malezi ya kambo. Mbona unataka twende hadi mahakamani umwasili?"

Nikatazama dirishani. Ng'ambo ya bonde, pale penye mikaratusi sasa, palikuwa na shamba la Magokoro.

Magokoro ni nyanya kwa Kikisii, lakini hakuwa nyanya yangu wa damu. Mama yangu alikuwa kibarua wake wa kuchuma chai, mtu aliyekuja kutoka mbali bila ndugu. Alipofariki nilikuwa na miaka sita, na hakuna aliyejitokeza kuniulizia. Magokoro alinifunga leso kiunoni, akanipa kikombe cha uji wa wimbi, akaniambia niwafungie kuku. Hivyo tu, nikawa wa pale.

Jiko lake bado nalinusa. Moshi uliokauka ukutani, chinsaga, ile mboga chungu, ikichemka na maziwa tangu asubuhi, ndizi zikiiva ndani ya pipa. Ijumaa ilikuwa siku ya mbio: tuteke maji, tupasue kuni, tupike chakula cha Sabato na kupiga viatu rangi kabla jua halijazama. Likizama, mikono yake ililala mapajani kama watoto wawili waliochoka.

Jirani yetu hakuacha kumsumbua.

"We mama, huyo mtoto utamrudisha lini?"

"Kwani nilimwazima kwako?"

"Nauliza tu. Na akikua?"

"Akikua atakuwa mrefu."

Lakini nadhani swali lilimwingia. Sabato moja ya mwaka ule ule alinisimamisha mbele ya kanisa lote. Mchungaji akaniombea, akaandika jina langu kwenye kitabu cha kanisa, naibu wa chifu akiwa benchi la mbele na miwani yake. Siku iliyofuata Magokoro alinipeleka shambani. Katika boma lile kila mtoto alikuwa na mstari wake wa majani chai, auchume, aupalilie, asikie ni wake. Alinipa ule wa kando ya ua.

"Kanisa limeona," alisema. "Naibu wa chifu ameona. Chai imeona. Nani tena?"

Jaji, rafiki yangu. Jaji hakuona. Magokoro aliamini kwamba jambo likishaonwa na watu wa kutosha limekwisha, na hakuna aliyemwambia kuna karatasi. Miaka minane nilichuma mstari ule, majani mawili na chipukizi, vidole vikinuka ubichi hata darasani. Niliujua kila kichaka, hadi kile kilichopinda kama mzee anayefunga kamba za viatu.

Nikiwa na miaka kumi na minne alifariki. Wanawe walikuja kutoka mjini, watu waungwana, hawakuniinulia sauti. Baada ya mazishi mkubwa wao aliniita kando.

"Binti, umekuwa mgeni wetu mzuri sana."

Mgeni. Hakunitukana, alinishukuru. Mwalimu wangu alinichukua kwake Nyanchwa, nikasoma, nikaondoka, nikarudi na nilichonacho. Niliporudi, chai ilikuwa imeng'olewa yote. Mimi hupenda kusema nilijitengeneza mwenyewe, na kwa sehemu kubwa ni kweli, ila miaka minane ile sikuitengeneza mimi.

Sasa wanawake wanaokuja kwenye duka langu la mikate Nyamira huniuliza. Lazima uwe na mume? Hapana, mimi sina. Jamaa zake wakipatikana? Katika malezi ya kambo mtoto anaweza kurudishwa kwao kama wanafaa, na ni haki, kwa sababu malezi hayo ni ya muda. Ukimwasili, jaji akishatia sahihi, ni wako kama uliyemzaa, na anarithi kama uliyemzaa. Ni safari ndefu? Ndefu. Kuna shirika la kuasili watoto, cheti cha polisi, daktari, na afisa anayebonyeza godoro. Mwacheni abonyeze. Na mtoto aambiwe? Wangu anajua yote, tangu siku ya kwanza.

Hayo ya Magokoro ndiyo niliyomjibu afisa, na lile neno "mgeni" pia nikamwambia. Hakuandika mara moja. Alimwita binti yangu, mwenye miaka saba, aliyekuwa mlangoni akijifanya anafagia.

"Unajua nimekuja kufanya nini?"

"Kuangalia kama nitakaa."

"Na wewe unataka kukaa?"

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ana pua.

"Mimi nina mstari."

Afisa akanigeukia. Nikamwonyesha nyuma ya nyumba, miche ya chai niliyopanda mwaka jana, mstari mmoja tu, kando ya ua. Nilimwomba aandike jibu la mtoto vile vile alivyolisema, akaandika. Akasema ripoti yake itakuwa nzuri, ila neno la mwisho ni la jaji. Nangoja.

Jioni ile tulikaa nje, mimi na binti yangu, tukiitazama mikaratusi ya ng'ambo. Jiko halipo, pipa la ndizi halipo, wala hakuna kichaka hata kimoja kilichobaki kule kinachonijua. Hii miche yetu bado inafika gotini tu. Lakini imeona.