Nilivyokwenda Kigwena Kupima Kimya cha Udongo

Niliondoka Bujumbura kwa sababu ya mudomo wangu. Mwalimu wa fizike alituambia: jua likipatwa, watu wanaacha kazi ili waangalie, na hata udongo unapunguza kutetemeka. Nikasimama mbele ya darasa: "Mimi nitawaletea grafu!" Mashini ya kupima sina. Niko na telefone tu, yenye programu ya mitetemo.

Asubuhi ya siku ile jua litapatwa, mu njia ya Rumonge, niliijaribu ndani ya basi. Mistari ikaruka mupaka nikajiona mwanasayansi. Mama mumoja pembeni yangu akauliza kama ninapima moyo.

Kigwena, kwa shangazi Zaituni. Shangazi ako na moteri ya kukamua mawese, inatingisha hata sahani za jirani.

"Amahoro, mutoto wangu. Umekuja kutusalimia?"

"Nimekuja kupima udongo, shangazi."

"Haya. Na sisi tuko."

Nikaweka telefone chini, karibu na moteri. Jua likaanza kuliwa, wafanyakazi wanaendelea tu. Nikawaomba mumoja mumoja wazime moteri, wakakataa. Bila kimya, grafu hakuna, na darasa itanicheka mupaka diplome.

Saa tano hivi, musikiti ukaita. Shangazi akazima moteri mwenyewe.

"Ni swala ya kupatwa kwa jua. Ulifikiri tutabaki hapa? Twende."

"Na telefone nani ataichunga?"

Akaenda. Wote wakaenda. Njia ikanyamaza, hata pikipiki moja hakuna. Nikakimbia barabarani kuhakikisha. Nikarudi kuangalia telefone. Nikakimbia mupaka ziwani kuona kama mitumbwi imesimama. Nikarudi tena.

Walipotoka musikitini, shangazi akainama juu ya grafu.

"Hapa moteri imezima. Na hii tu-tu-tu ndani ya kimya, ni nani?"

Nikaitazama sana.

"Ni mimi, shangazi."

Alicheka mupaka akakaa juu ya bidon ya mawese. "Kigwena yote imetulia, wewe peke yako umeshindwa!"

Kurudi, mu basi, nilijaribu kukata picha ya grafu ili alama za miguu yangu zitoke. Lakini nilikimbia muda wote: nikitoa miguu, na kimya kinatoka.

Basi darasani nikapitisha telefone kama ilivyo. "Huku moteri. Huku watu wote wako mu swala. Na hii ni mimi." Mwalimu akasema ni kweli kabisa, binadamu anatetemesha udongo, hata mumoja anatosha.

Nimejifunza. Lakini mupaka leo, nikisimama kujibu swali, wale wa nyuma wanashika meza zao kwa mikono miwili.