Komitateri Yenye Msalaba

Asifiwe Mungu aliyetupa vidole kabla hatujajua tutavihitaji kwa nini. Kwake shukrani kwa kila asubuhi anayotuamshia hapa Kamina.

Mke wangu alipopoteza macho, alilalamikia jambo moja tu: redio. Saa ya Misa ya asubuhi mimi huwa shambani. Kila alipojaribu kutafuta stesheni mwenyewe, alipotea katika makelele, akangoja mpaka nirudi.

"Hata kumusikiliza Mungu mu nyumba yangu, niombe ruhusa?" aliniuliza.

Nilikuwa fundi umeme wa reli kabla ya kustaafu. Nikaanza kumtengenezea redio ya stesheni tatu basi: ya Misa, ya habari, na ile ya mazungumzo ya Kiluba. Ilibaki swichi ndogo ya kuzungusha, ambayo sisi tunaiita komitateri, ya kumtoa stesheni moja hadi nyingine.

Nikampakia nyuma ya baiskeli mpaka kwa muuza vipuri wa sokoni. Mimi niliipenda komitateri moja mpya, inayong'aa, laini kama imepakwa mawese. Nikamwekea kiganjani. Akaizungusha, akaizungusha tena. Muuzaji akacheka.

"Mama, unachagua kitenge ao komitateri?"

"Kitenge ni ya macho, mutoto yangu. Hii ni ya vidole." Akamrudishia. "Hii inazunguka tu, haifike. Shapele yangu ya rozari nayo inazunguka, lakini iko na musalaba, njo minajua fasi ya kuanzia. Hii, musalaba yake iko wapi?"

Miaka yote niliyofunga swichi, nilikuwa nikiziangalia alama zilizochorwa pembeni. Sikuwahi kuiuliza swichi inaanzia wapi gizani.

Muuzaji akapekua kopo la vipuri vilivyotolewa katika redio zilizokufa. Nyingine zilikuwa ngumu mno, nyingine zimelegea, mlio wake hausikiki kidoleni. Mke wangu alizikataa moja moja, bila haraka, kama achaguavyo maharagwe. Hatimaye akashika moja iliyopauka, yenye kutu kidogo. Akaipeleka kushoto mpaka ikagoma. Akairudisha: ta, ta, ta. Kushoto tena, ikagoma palepale.

"Papa," akaniambia, "hapa njo musalaba."

Niliisafisha kutu, nikaifunga siku ileile: kwenye kugoma redio imezimwa, mlio wa kwanza ni Misa.

Kesho yake nilichelewa kwenda shambani, nikawa nachuma sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Nilimwona dirishani akiipeleka komitateri kushoto, ingawa redio ilikuwa imezimwa tayari. Alipohisi imegoma, akafanya ishara ya msalaba. Kisha, ta. Wimbo wa kuingilia ukatoka, naye akaimba juu yake kwa sauti kubwa. Hakuniita. Nikaendelea kuchuma, moyo wangu umejaa.

Wewe unayesoma haya, Mungu akulindie unaowapenda, na mkono wako ukipapasa gizani, aujalie kupata pa kuanzia.