Mikebe Saba ya Majani Mekundu

Mama mkwe wangu hakuniamini na mimea yake, na kusema kweli simlaumu. Mimi nilikuwa mtoto wa wafugaji wa ng'ombe, natoka upande wa Kipsing, na kwetu jani zuri ni lile linalonenepesha mbuzi. Yeye alizaliwa mjini. Uani kwake, mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, alipanga mikebe saba ya mafuta ya kupikia kwenye kivuli cha ukuta. Kila mkebe ulikuwa na mmea wa majani mapana, mekundu juu na zambarau chini, unaotoa vijiti vyembamba vya maua madogo kama kengele. Maua hayo aliyakata bila huruma. Alichotaka ni rangi ya majani. Mbegu yake ilikuwa shina moja tu, ambalo mumewe alilileta kwa lori kutoka kwenye baridi ya Timau, na sikuwahi kuona jingine Isiolo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, miezi mitatu baada ya harusi yangu, binti yake alijifungua huko Moyale, naye akaenda kumtunza mpaka arobaini iishe.

"Hii maua haitaki jua," aliniambia, mzigo wake uko mlangoni. "Maji kidogo, asubuhi. Ikikufa usinieleze kitu, rudi tu kwenu."

Alikuwa anatania, lakini nusu. Mimi niliisikia ile nusu nyingine.

Wiki ya tatu nikaona vidudu vyeupe chini ya majani. Kwetu dawa ya uchafu na wadudu ni moshi: kibuyu cha maziwa hufukizwa, zizi likijaa mbu hufukizwa. Basi nikaingiza mikebe yote jikoni, nikaweka makaa ya ule mti wa kufukizia vibuyu, nikafunga mlango. Nilijiona fundi! Nilipofungua adhuhuri, vidudu vilikuwa vimekufa, na majani yote yamelala kama mboga iliyochemshwa.

Nililia, sifichi. Kisha nikachukua kisu, nikakata kila kitu mpaka kwenye shina, nikarudisha mikebe kivulini. Mume wangu akasema, "Si ni majani tu." Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe utakayerudishwa Kipsing.

Siku kumi nilimwagilia vijiti vitupu. Ya kumi na moja, kwenye shina moja nikaona ncha nyekundu, ndogo kama punje ya mchele. Nikapaza sauti, "Alhamdulillahi!" hata jirani akauliza nani amepona.

Mama mkwe aliporudi, mikebe mitano ilikuwa na vijani, miwili ilikuwa imekufa. Sikungoja avue buibui. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliinama, akageuza jani moja.

"Umefukiza," alisema. "Kama kibuyu."

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi ile ya kwanza, ile Mzee alileta, nilizika kwa udongo mpaka shingo, karibu ioze yote. Mzee hajui mpaka leo. Na wewe usimwambie."

Kesho yake asubuhi aling'oa shina kubwa kuliko yote, akaligawa mara mbili kwa kisu, nusu akaipanda kwenye mkebe mpya, akauweka mlangoni kwangu. Kwetu, bibi arusi akikubaliwa, mama mkwe humpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, wa kuanzia kundi lake. Niliupokea ule mkebe kwa mikono miwili.