Sato wa Kenyamonta

Dhahabu ilipopamba moto upande wa Tarime, Kenyamonta ilibaki na wanawake, wazee na ng'ombe. Mume wangu naye aliondoka na sururu begani. Mimi niliomba kitu kimoja kwa baba mkwe: kipande cha bonde chini ya boma, pale ambapo maji hayakauki na mahindi huoza mizizi.

Kwetu mke wa mtoto haongei ana kwa ana na baba mkwe wake. Nilimwambia mama mkwe, naye akapeleka maneno kwa mumewe. Mimi nilisimama nyuma ya jiko, nasikia yote.

"Anataka kufuga nini humo?"

"Samaki."

"Muulize kama samaki analipa mahari."

"Mama, mwambie baba sikuomba ng'ombe," nilisema kutoka kulekule jikoni. "Nimeomba tope tu."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Nikapewa tope langu.

Vibarua hawakupatikana. Aliyekuwa akikubali kulima kwa ujira mdogo sasa alitaka kulipwa kama yuko machimboni. Basi tulichimba sisi wawili, mimi na mama mkwe, kila asubuhi kabla jua halijawa kali, mpaka bwawa likatufika kifuani. Vifaranga wa sato nilinunua kwa mfugaji mmoja karibu na Manchira. Nilipanda nao bodaboda wakiwa ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa maji na hewa, nimewapakata kama mtoto mchanga.

Mavuno ya kwanza yalikuwa madogo, kwa sababu samaki walikula samadi na majani ya magimbi tu. Lakini nilipowakaanga na kuwapeleka machimboni, beseni liliisha kabla sijapata pa kukaa. Wachimbaji walikuwa na hela na hawakuwa na kitoweo. Nikarudi nyumbani kichwa kinachemka. Katika bwawa lilelile nikamwaga vifaranga mara nne ya wale wa mwanzo, nikaanza kuwalisha chakula cha kununua.

Hapo ndipo nilipoijua biashara hii. Anayekula faida ya mfugaji si mwizi wala ndege, ni chakula. Dagaa wa kusaga, mashudu ya alizeti, pumba ya mahindi: kila machimbo yalipotoa vizuri, bei zilipanda, maana wafuga kuku nao waliuza huko huko na walitafuta pumba ile ile. Dhahabu ilinipa wateja kwa mkono wa kulia, ikaninyang'anya vibarua na pumba kwa mkono wa kushoto. Nikawa nalisha kwa hofu, namwaga chakula kingi ili wanenepe haraka, kinachobaki kinaozea chini.

Ikaja wiki ya mawingu, na bwawa lililojaa uozo lisipopata jua maji huishiwa hewa. Alfajiri moja nilishuka bondeni nikakuta samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nilipiga yowe. Aliyefika wa kwanza alikuwa baba mkwe, mbio, na beseni la kunyweshea ndama mkononi. Akaingia majini na suruali yake.

"Mwanangu, nifanye nini?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniita. Nilijibu bila hata kufikiri.

"Chota, baba! Mwaga kutoka juu, maji yapate hewa!"

Tulichota na kumwaga mpaka jua likatoka. Zaidi ya nusu walikufa. Baba mkwe alikaa kwenye ukingo, maji yanamtiririka, akawaangalia wale weupe wanaoelea.

"Zizi likijaa kupita kiasi, ng'ombe wanakanyagana," alisema, tena aliniambia mimi, si mama mkwe. "Wewe umeweka mazizi manne kwenye moja."

Nililia siku ile, lakini sikuacha. Wanaume walianza kurudi kutoka machimboni mikono mitupu, mume wangu akiwa mmoja wao. Dhahabu hawakuleta, ila kuchimba walijua: walikata kuta zilizonyooka, wakapasua mfereji wa kuingiza maji mapya bila kutumia pampu. Tukapata mabwawa matatu badala ya moja. Samaki tuliwagawa, kila bwawa likabeba wanaoweza kupumua. Pumba nilinunua wakati wa mavuno ya mahindi, inapokuwa rahisi, nikaiweka juu ya dari. Nililisha kidogo kidogo nikiwa nimesimama palepale, na walipoacha kugombania, niliacha kutupa. Samaki walipungua bwawani, na kilichobaki mkononi kikaongezeka. Jambo hilo sikulisoma popote. Nililielewa kwa miguu yangu ndani ya tope.

Wageni walipokuja bomani, baba mkwe aliwaonyesha ng'ombe upesi upesi, kisha akawateremsha bondeni. "Hii ni kazi ya mke wa mwanangu," aliwaambia, nami nikajifanya nafua nguo nisionekane ninavyotabasamu.

Baadaye nilianza kuuza hata Nyamisangura, pale mjini Tarime. Siku moja mama mfanyabiashara aliyevuka kutoka ng'ambo ya Sirari aliinua sato wangu kwa mkia, akampima kwa macho.

"Hii samaki imetoka Kisumu, si ndiyo?"

"Hapana, mama. Kenyamonta."

"Kenyamonta? Hiyo ni ziwa gani sasa?"

"Hakuna ziwa kule," nilimwambia. "Tulichimba."

Akachukua beseni zima.