Nafasi Kwenye Simu ya Mama Vifungo

Kwenye karakana yetu ya kushona sare, cherehani yangu na ya Mama Vifungo zimetazamana miaka nenda miaka rudi. Jina hilo tulimpa sisi, maana kifungo alichokishona yeye haking'oki hata shati lichakae. Simu yake ni kuukuu, ya vitufe, na spika ilishakufa, ukimpigia hakusikii. Anayemtaka sharti amwandikie.

Kuibadilisha hataki. Humo ndimo zilimo meseji za marehemu mumewe, dereva wa lori, mtu wa utani, mwenye masikio kama vipini vya sufuria. Siku alipopata ajali, simu ya mkewe ilikuwa imezima kwa kukosa chaji, na kwenye msiba nani angekumbuka simu? Ilipokuja kuwashwa tulikuwa tumeshazika. Ikalia: "Nipo njiani." Aliituma akiwa anaondoka, ikachelewa. Tangu hapo shoga yangu akajiwekea moyoni kwamba kama moja ilichelewa, huenda nyingine ipo nyuma yake.

Hivi karibuni juu ya kioo kikaanza kuonekana kibahasha kidogo, kinawaka, kinazima. Mama Vifungo akawa anakitazama kuliko anavyotazama sindano.

"Kuna kitu kinakuja," akaninong'oneza, uso umemchangamka kama mwali.

Nilimhurumia, tena nilikasirika. Mtu mzima na akili zake, anasubiri salamu za kaburini! Lakini nikafyata ulimi, maana najua alivyommisi yule mwanamume. Mpaka leo hulala upande mmoja tu wa kitanda.

Juzi akanipigia binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, mwenye mimba yake ya kwanza.

"Mama mdogo, mama kaninunia? Namwandikia, hajibu."

"Kuna nini, mwanangu? Niambie nimfikishie."

"Hapana. Nataka asome mwenyewe, awe wa kwanza."

Sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia kulia. Nikamshika shoga yangu mkono, moja kwa moja mpaka kwa fundi simu.

Fundi wala hakuhangaika. "Mama, simu imejaa. Meseji mpya ikija haina pa kuingia, kwa hiyo inabaki kwenye mtandao inasubiri. Hicho kibahasha ndiyo hodi yake. Itajaribu tena na tena kwa siku chache, ikishindikana inafutwa."

"Inafutwa? Haiwezi kusubiri hata miaka?"

"Miaka! Mama, mwezi tu haiumalizi."

Mama Vifungo akakaa kwenye benchi. Nilijua amesikia nini. Nyuma ya ile "Nipo njiani" hakukuwa na kitu. Mumewe alikuwa ameshasema yote.

"Basi nihamishie hizi za zamani," akaomba.

"Kwa simu hii haiwezekani. Ni kufuta tu."

Nikamwambia nitamnakilia kwenye karatasi. "Kwenye karatasi utakuwa mwandiko wako," akanijibu.

Akafungua ya kwanza kabisa. "Usisahau kiberiti," akaisoma kwa sauti, taratibu. Kidole kikasita. Akafuta.

Simu ikatetemeka palepale. "Mama, nimejifungua. Wa kike, lakini masikio ya marehemu baba! Njoo. Mbona kimya?"

Akacheka, mara machozi yakamtiririka mpaka kwenye vitufe. "Maskini mwanangu! Kumbe alikuwa yeye mlangoni, na mimi nikadhani..." Akaniegemea begani, nami nikalia, tena sioni haya kusema.

Alipotulia alifungua ile ya mwisho ya mumewe, akaitazama kitambo. Hiyo hakuifuta. Kisha akaanza kumjibu binti yake, herufi moja moja, maneno yaleyale mawili: Nipo njiani.