Niliporuka Majini Nkombo

Nikikumbuka siku ile nacheka, halafu sicheki tena. Vita vya Kongo vilikuwa vimepoa kidogo, nami nikaanza kazi ya kutembeza wageni kisiwani Nkombo, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, kuona maporomoko madogo na kidimbwi chake. Ndani ya mtumbwi niliwaambia wageni wangu wawili kwamba mama yangu yuko Bukavu, barabara ikitulia atavuka kuja kwangu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu tangu nilipokimbia.

Kidimbwini tulikuta watu walionyolewa nywele zote, wakiingia majini mmoja mmoja, kimya. Mjinga mimi, nikadhani joto ndilo lililowaleta kuoga. Nikavua shati, nikapiga kelele, nikaruka kama chura. Maji yakawarukia wote.

Hakuna aliyecheka. Maman mmoja mzee akanishika mkono.

"Papa, leo tunamaliza kilio ya batu betu benye vita ilikula. Mu hii mayi anaingiaka tu mwenye alipoteza muntu. Wewe ulipoteza nani?"

Wageni wangu walikuwa juu ya jiwe, wakisikia kila neno. Ningeweza kuomba msamaha nikatoka.

"Nilipoteza maman yangu," nikasema ukweli kwa mara ya kwanza tangu nilipokimbia.