Ziara ya Mji Isiyopita Sokoni

Kibondo ina vivutio tisa vya utalii. Jambo hili halikujulikana na mtu yeyote, hata wale waliozaliwa hapa na kuzeeka hapa, mpaka Kamati ya Fursa za Mji ilipokaa kikao cha siku mbili, ikanywa chai ya maziwa, ikavihesabu. Cha kwanza ni stendi ya zamani. Cha pili ni stendi mpya. Cha tatu ni tangi la maji, ambalo siku nyingine huwa na maji. Cha nne ni kipilefti cha kwenye lami mpya, chenye kibustani katikati ambamo mbuzi wa mji mzima wamekubaliana kukutana kila saa nne asubuhi. Orodha inaendelea hivyo, kupitia mnara wa simu na mashine ya kutolea pesa, mpaka cha tisa, kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MANDHARI YA BURUNDI. Hapo mgeni husimamishwa juu ya kilima, akaelekezwa upande wa magharibi, akaoneshwa milima ya nchi jirani. Siku ya mawingu huombwa aamini.

Mtu aliyechaguliwa kuuonesha ulimwengu mambo haya alikuwa Kipriani, dereva wa bajaji, miaka arobaini na saba, mwenyeji wa kijiji cha Busunzu. Aliingia mjini akiwa na miaka ishirini na jembe begani, akaliegemeza kwenye ukuta wa chumba alichopanga, na hakuligusa tena. Alibeba watu kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kisha kwa bajaji aliyoiandika mgongoni ULIZA MWENYEJI. Alijua nyumba yenye mbwa mkali, nyumba ambayo baba anadai hayupo, na nyumba ambayo mwalimu mpya kutoka Mtwara alilia wiki nzima kwa baridi. Kamati ilimchagua kwa ujuzi huo. Ilimchagua pia kwa sababu kwenye mkutano wa madereva yeye peke yake hakuuliza habari za posho.

Karatasi ya maelezo iliandikwa na afisa wa kamati, Hashimu, mtu wa Tanga, ambaye alikuwa na mwaka wa tatu hapa na hajavua sweta. Aliipenda kazi yake na aliandika vizuri sana. Tatizo lake dogo ni kwamba katika mji wote alijua njia moja, ile ya kutoka nyumbani kwenda ofisini, nayo aliijua pande zote mbili. Kwa hiyo akamwomba Kipriani achore njia ya ziara.

Kipriani akachora. Mstari ulianza stendi ya zamani, ukapanda, ukashuka, ukazunguka nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ukaingia kwenye uchochoro wa mafundi seremala, ukatokea mbali kabisa kwenye kipilefti. Hashimu aliutazama kwa muda, kisha akampongeza kwa kuepuka msongamano.

Kipriani akaipokea pongezi. Msongamano wa Kibondo ni malori mawili na ng'ombe mmoja. Aliyeepukwa alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wa Kipriani, Bibi Mpawenimana, alivuka mpaka kutoka Burundi, kule Mabamba, akiwa msichana, katika mwaka ambao watu wengi walivuka na wachache walirudi. Leo ni raia, na cheti chake cha uraia kiko ukutani ndani ya fremu. Kwa miaka zaidi ya thelathini anauza maharage kwenye kona ya soko, pale ambapo njia zote za mji zinakutana, kana kwamba aliyezipima barabara hizo alikuwa na ugomvi na Kipriani. Maana kwa mtu aliyelelewa kama yeye, mkwe hamtazami usoni mama wa mke wake. Hamtaji jina. Hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, mwanamume huingia majanini, akageuka, akasubiri mpaka miguu ya mama ipite.

Vijana wa siku hizi wanawapigia mama wakwe zao simu za picha wakiwa vifua wazi. Kipriani si kijana wa siku hizi. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yake na Maximilla, alichokijua kwa mabukwe, kama Waha wanavyomwita mama mkwe, ni ndara za kijani za plastiki, na sauti nyuma ya ukuta. Kijijini heshima hii ni rahisi, majani yapo. Lami haina majani. Kwa hiyo Kipriani alikuwa dereva pekee katika nchi hii anayefanya kazi mjini bila kupita sokoni. Abiria wa sokoni aliwashusha nyuma, kwenye mashine ya kukoboa, akawaambia barabara inatengenezwa. Barabara hiyo imetengenezwa mfululizo kwa miaka sita.

Mambo yangeendelea hivyo kama lisingetoka tangazo. Bajaji zote zitoke katikati ya mji, zihamie stendi mpya, isipokuwa moja yenye kibali cha utalii. Stendi mpya ni kivutio cha pili na ni pazuri, kasoro yake ni kwamba basi la maana huingia saa sita mchana, na bajaji arobaini hulisubiri kama vifaranga. Kipriani alipiga hesabu zake. Kibali kikikosekana, atamaliza miezi miwili pale, kisha jembe lile lililoegemea ukutani litamrudisha Busunzu wanakolima ndugu zake, watakaomkaribisha kwa upendo na kumcheka mpaka kufa.

Kibali kilikuwa mikononi mwa mgeni mmoja kutoka mkoani, Ernesta, mama mnene mtulivu mwenye viatu vya kutembea, aliyepanda asubuhi kutoka Kasulu kuja kuijaribu ziara na kuandika kama inafaa au haifai.

Walianza saa mbili. Hashimu alikaa nyuma na mgeni, akasoma karatasi kwa sauti ya taarifa ya habari. Kwenye stendi ya zamani alisoma urefu na upana wake. Kwenye stendi mpya alisoma urefu na upana wake. Kwenye tangi alisoma lita. Kwenye kipilefti walisubiri mbuzi watawanyike ili ionekane bustani, na baada ya kutawanyika ikaonekana kwamba bustani ndiyo iliyokuwa imeliwa. Ernesta aliuliza watu wa mji huu wako wapi. Hashimu akamjibu kwamba watu wamepangwa katika awamu ya pili.

Pale kilimani mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa, meupe, mazito, yamelala juu ya migomba kama godoro. Hashimu aliomba aaminiwe. Ernesta alisimama kidogo, upepo ukimpiga kitenge, akatazama weupe ule kwa adabu. Kisha akauliza soko liko wapi.

Hashimu akapekua karatasi mbele na nyuma. Soko halikuwemo.

"Barabara ya sokoni inatengenezwa, mama," alisema Kipriani bila kugeuka.

"Mbona nimepita jana kwenda ofisini?" alisema Hashimu, ambaye bahati mbaya yake ni kusema kweli.

Ernesta akafunga daftari lake.

"Kaka, mji usio na soko nitauandikia nini? Nipeleke sokoni. Kama hutaki, nishushe nipande pikipiki, na karatasi ya kibali niiache hapa hapa kwenye mawingu."

Kipriani akawasha bajaji. Njia nzima ya kushuka alijipangia: atapita ile kona kwa kasi, shingo ameielekeza kulia, kwenye duka la kuchaji simu, kama mtu mwenye jipu. Na angepita. Lakini Ernesta aliyaona maharage, yamemwagwa juu ya turubai mafungu mafungu, meusi, ya njano, mekundu, na yale yenye madoa kama mayai ya kwale. Akamgonga bega dereva asimame.

Bajaji ikasimama. Kipriani akatafuta majani, hakukuwa na jani. Akashusha turubai la ubavuni, akageukia ukuta wa duka la simu, akasoma bei za kuchaji mara nne. Chini, pembeni ya jicho, zilikuwepo ndara za kijani. Nazo zilikuwa zimerudi nyuma hatua moja, na upindo wa khanga umeshuka usoni, maana bibi naye amelelewa, na jina lililoandikwa kwenye bajaji ile alikuwa amesomewa na wajukuu zamani.

Ernesta alimwamkia, wakasalimiana kwa urefu unaotakiwa, habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Akauliza haya maharage ni ya wapi. Bibi akamwambia meusi ni ya Kakonko, mekundu ni ya Busunzu, na haya ya madoa ni yake mwenyewe, mbegu yake ilivuka mpaka imefungwa kwenye pindo la nguo ya marehemu mama yake, kiasi cha kiganja kimoja. Ernesta aliuliza walishukia wapi walipovuka. Bibi akanyoosha mkono. Mkono hautoshi kuonesha mahali, na Ernesta akamwomba apande awaoneshe.

Hashimu alijaribu kueleza kwamba mama huyu hayumo kwenye karatasi. Bibi alikuwa ameshakabidhi turubai la maharage kwa jirani yake na ameshapanda. Hashimu akahamia mbele, akakaa kwa tako moja pembeni ya dereva. Na Kipriani, jasho likimtiririka katika baridi ile, akakishika kioo alichokifunga mwenyewe juu ya usukani, akakigeuza kikatazama mbinguni.

"Mwambie dereva wako apinde kushoto," alisema bibi.

"Si anakusikia, mama?"

"Anasikia. Mwambie."

Ernesta alikuwa mzaliwa wa Biharamulo, na mama yake alikuwa na wakwe. Akatazama kile kioo, akatazama kisogo cha dereva, akaelewa vivutio vyote tisa kwa mara moja, na kwa nini soko halikuwemo.

"Kaka, pinda kushoto."

"Mwambie mama nimepinda."

Ndivyo mji ulivyooneshwa siku ile. Bibi alionesha uwanja waliposhushwa kwenye malori, ambapo wanawake wa Kiha wasiowajua walikuja na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye nyungo na kusema nao kwa lugha iliyofanana na yao kama ndugu wawili wa mama mbalimbali. Alionesha lilipo tangi, ambapo zamani palikuwa na chemchemi, na kwenye foleni ya chemchemi ile zilivunjika ndoa saba. Hashimu aliitafuta kalamu yake.

Kwenye mteremko wa kuelekea hospitali, bibi aliagiza dereva aambiwe asimame. Akaambiwa, akasimama.

"Hapa palikuwa tope mpaka magotini," alisema bibi. Alisema polepole, na khanga bado iko usoni. "Binti yangu alitaka kujifungua, mvua ya asubuhi inanyesha, baiskeli imekwama pale chini. Mume wake akambeba mgongoni mpaka juu. Alikuwa analia kuliko mgonjwa. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu. Akafika juu, akamweka chini, akageuka, akaniona." Akaivuta khanga chini. "Akaruka mtaroni."

Mawingu yalikuwa yanapita ndani ya kioo.

"Mwambie nilimwona. Sikumshukuru kwa sababu ningemshukuruje, na yeye yuko mtaroni."

Ernesta hakuyapeleka mbele maneno hayo. Kipriani alikuwa ameinamia usukani, anakwangua kwa kucha kitu ambacho hakikuwepo. Miaka kumi na saba alikuwa akiamini kwamba siku ile alimkosea heshima mama wa mke wake mbele ya hospitali nzima, kwa kumwangalia usoni nusu sekunde. Ndiyo maana ya uchochoro wa maseremala. Ndiyo maana ya barabara inayotengenezwa.

Kisha akasema, "Mwambie mama mtaro ule ulikuwa na upupu."

Nyuma yake kukatoka kicheko. Hakuwahi kukisikia. Kilikuwa kicheko cha mama mkwe, cha mtu mnene kuliko zile ndara.

Ernesta aliandika taarifa fupi. Vivutio tisa alivisifia kwa jumla, kama mtu anavyousifia mchoro wa mtoto. Ziara alisema inafaa, kwa sharti moja: ipite sokoni, na mwelezaji awe mama yule wa maharage. Hashimu aliandika karatasi upya, akamweka bibi katika safu ya nne, baina ya tangi na kipilefti, na kwenye nafasi ya kuandika lita akamwekea kistari. Kipriani akapewa kibali. Kilibandikwa kwenye kioo cha mbele, na kikampangia kituo cha kudumu katikati ya mji, kwenye kona ya soko, hatua nne kutoka kwenye zile ndara.

Mpaka sasa ziara imepata wageni kumi na mmoja, wanne kati yao ni wajumbe wa kamati. Kipriani huegesha akiwa ameipa kona mgongo. Jembe bado limeegemea ukutani.

Juzi askari wa barabarani, kijana aliyehamishiwa hapa kutoka Mara, aliwasimamisha kwenye kipilefti na kuuliza kwa ukali kwa nini kioo kinatazama juu, kwani ndege ndizo zinazomfuata? Kipriani alimjibu kwamba amembeba mama mkwe. Askari akachungulia ndani. Akaiona khanga iliyoshushwa, akavua kofia, akaivaa tena vizuri zaidi.

"Mwanangu," alisema bibi kutoka nyuma, "mwambie dereva wangu twende. Maharage yanapigwa na jua."

Askari, ambaye kwao alilelewa, akamgeukia Kipriani aliyekuwa umbali wa mkono mmoja, akampelekea ujumbe.